Itaendelea

Duka lile la Wete, jirani na fundi cherehani:
kompyuta nne, moja haina herufi ya R,
nusu saa shilingi mia tano.
Mia tatu zangu, mia mbili za Asaa,
na kiti kimoja, kila mtu upande wake.

Huko ndiko nilikoisoma
hadithi ya karani wa posta
anayepokea barua za nyumba iliyokwishaporomoka.
Kila Jumatatu barua, anwani ile ile,
na nyumba imebaki ngazi tatu na mpera.
Akaanza kuzijibu yeye.

Jina la mwandishi silikumbuki.
Jina la hadithi nilidhani nalikumbuka;
nimeliandika kwa namna kumi na moja,
kwa kh, bila kh, kwa umoja, kwa wingi,
na kila mara naambiwa hakuna kitu,
kwa adabu, kama mtumishi wa ofisi
anayekwambia mkubwa katoka.

Mahali pale pamekufa. Hapakuungua, hapakubomolewa.
Mtu mmoja tu, sijui wapi, hakulipia mwaka.

Basi nikaanza kuuliza watu.
Fundi cherehani ananikumbuka mimi, kompyuta hazikumbuki.
Bi Riziki wa skuli akasema hiyo ilikuwa ya redio.
Mwengine alinisimulia yote, kwa yakini,
na ilikuwa hadithi nyengine.
Mpaka nikaelekezwa Konde, kwa Shaame, muuza mabati,
ambaye zamani, kumbe, akichapisha kila alichokipenda
kwa karatasi za ofisi ya watu, usiku, mashine ikiwa moto.
Akafungua kasha: risiti za misumari, kadi za chanjo za wanawe,
na katikati kurasa nne, pembe zimeliwa na mchwa.
"Chukua," akasema, "lakini unirudishie. Nami huisoma."

Nikaisoma pale pale, nimesimama.

Viatu vya karani si vya buluu. Havina rangi.
Mpera haumo.
Mvua niliyoikumbuka miaka kumi na minane haimo hata tone;
ilikuwa mvua yetu, juu ya bati la duka lile,
imeingia hadithini bila kubisha hodi.
Na maneno niliyojisemea
nikiwa na uchungu wa mwanangu wa kwanza,
"nyumba huanguka, anwani haianguki,"
nimeyatafuta mbele na nyuma. Hayamo.

Na mwisho.
Mwisho ninaoujua mimi: karani anakwenda kwa miguu,
jibu lake mkononi,
anakuta mtu kasimamisha mlango, mlango mtupu, hauna ukuta,
anaisukuma barua chini yake
na upande wa pili mkono unaivuta.
Karatasi ya nne inasema:
Siku ya saba karani alivaa viatu.
Chini yake, neno moja. Itaendelea.

Nikageuza. Nyuma kuna hesabu ya mabati.

Hapo ndipo nilipoukumbuka umeme,
ulivyokatika siku ile, kioo kikawa cheusi kama kaniki,
mwenye duka akagoma kurudisha pesa,
na sisi njiani kurudi Limbani, matope hadi vifundoni,
mimi machozi karibu, na Asaa anasema,
"Mwisho mimi nshausoma jana. Ntakwambia."

Mwongo mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Nikampigia. Anauza rangi Darajani siku hizi, sauti imenenepa.
"Mlango? Mlango gani?"
Posta haikumbuki, mvua haikumbuki. Ile R aliikumbuka.
"Hebu nisomee."
Nikamsomea zote nne, nikiruka palipoliwa,
nyuma yake wateja wakiuliza bei ya nyeupe.
Nikafika kwenye viatu. Nikanyamaza.

"Halafu?" akasema Asaa.
"Halafu ikawaje?"

Nikamwambia angoje, salio linakwisha, nitie vocha.