Kifaa Kisichojulikana

Kompyuta ishirini na moja zimeshushwa Mkoani
ndani ya maboksi yenye majina ya ofisi za watu,
na hakuna mbili zilizozaliwa tumbo moja.
Faki amezipanga juu ya madawati ya Kidato cha Pili.
Skuli imefungwa. Uwanjani
yametandikwa majamvi ya karafuu ya mwalimu mkuu,
nasi tumeagizwa tuyakimbilie mvua ikitishia.

Nina flashi moja.
Nimeufungasha mfumo mzima humo, Wete, siku tatu,
kama mtu anayemfungia mwanawe safari:
Kiswahili, saa ya hapa kwetu,
kamusi, hesabu, michezo hakuna.
Nikajisemea, hii moja itazitosha zote.

Ya kwanza ikawaka, ikaniuliza:
nisakinishe wapi? Sioni diski.

Diski imo. Nimeishika kwa mkono huu,
nimeipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.
Sioni diski, ikarudia, bila hasira,
na mimi nikamkumbuka bibi, tangu kile kiharusi:
mkono wa kulia anao, vidole vitano, na pete,
ila hayupo tena yule wa kati
wa kuupelekea salamu.

Nikakaa chini. Kosa lilikuwa langu.
Draiva ya diski nilikuwa nimeitia ndani ya nyumba,
chumbani, kabatini, imekunjwa vizuri;
pale mlangoni, kwa bawabu anayepokea wageni,
sikuacha hata jina.
Taswira ni mbili, Mize, nikajikaripia,
ile inayofungua mlango na ile inayobaki kuishi,
nawe umeilisha moja.

Basi tukafungua upya.
Si kazi ya pupa: unaipachika taswira, unangoja,
unatia unachotia, unaifunga, unangoja tena,
na umeme ukikohoa katikati
unarudi bismillahi.
Ulikohoa mara mbili.

Kwenye kiza cha pili Faki akanionesha daftari.
Kwao Konde hawana kompyuta,
lakini alikuwa ameipita mashine moja moja
akinakili namba ya kila kadi, kila chipu,
herufi na tarakimu, kwa penseli,
na nukta pembeni mwa zile zinazofanana.
Nani kakufundisha?
Akashangaa swali. Si kama kuchambua, dada?
Konyo huku, karafuu huku.

Tukachambua.
Za sauti, za mtandao,
tatu za kioo kimoja, kila moja ikidai ndiyo mpya,
na moja ya printa ambayo hatuna wala hatuitarajii.
Mvivu hutia zote; na mimi, nisiseme uongo,
kidole kilikuwa kimeshafika hapo.
Lakini draiva isiyo na mahali haikai kimya,
huitika jina lisilo lake,
na posa yenye washenga saba
huvunjika kabla ya kahawa.

Tulibakisha kumi na moja. Kumi na moja tu.
Tukazitia kabatini, na zile mbili za diski
tukamwachia na bawabu.

Saa kumi alasiri mashine ya kwanza ikaiona diski yake.
Sikupiga kelele. Faki alipiga.
Ya pili, ya tano, ya tisa,
feni zikivuma darasani kama nyuki waliopata mzinga,
halafu tone moja juu ya bati, halafu matatu,
tukaacha kila kitu tukatoka mbio,
tukakunja majamvi, yeye kichwa na mimi miguu,
kama wabeba jeneza wenye haraka.

Tuliporudi, tumelowa, tunanuka karafuu,
zote zilikuwa zimemaliza.
Ya kumi na nne peke yake ilikuwa na alama ya manjano:
kifaa kisichojulikana.
Sauti inatoka. Mtandao upo. Kioo safi.
Tukaitafuta namba yake kote, haina ukoo.
Tukaifungua, tukamulika kwa simu:
kijidude cheusi, ukubwa wa punje ya mtama,
hakidai chochote, kina joto.

Tuitoe? akauliza Faki.
Nikasema, iache.

Akachonga penseli, akaandika kwenye daftari lake:
ya kumi na nne, nzima.
Kuna mtu humu. Hajasema jina.