Daraja la Miwani

Picha nimeikuta chini ya mkebe wa majani ya chai,
pembe moja imeliwa na mende, nyingine na moto.
Mgongoni mwake, wino uliofifia:
mwezi wa tano, mto umetulia.
Mwaka haukuandikwa. Mwandishi alidhani tutaujua.

Hili ndilo daraja la Sawatari kabla ya gharika:
tao moja la mawe, halina saruji, halina chuma,
kila jiwe limemwegemea jirani yake
kama walevi wanaorudi kutoka arusini,
akiteleza mmoja, basi.
Na chini, maji yamelishika tao la pili, kichwa chini,
yakakamilisha duara.
Ndiyo maana wazee wa bonde hili waliliita Miwani.

Juu wamesimama tisa, ukimhesabu farasi.
Mwashi Kanematsu, mikono nyuma, utadhani kaficha nyundo.
Farasi wa mkaa amefumba macho.
Mke wa muuza mishumaa, mtoto mgongoni.
Na ukingoni kabisa, wa tisa: ukungu.

Mpiga picha aliwaambia wasitikisike
mpaka ahesabu kumi na mbili.
Bibi Tsuruyo alikuwa na miaka saba.
Alivumilia hadi tano.
Aliona samaki, alisema.
Mwaka mwingine akasema alisikia mama yake akiita.
Alipozeeka akasema hakumbuki kitu,
ila kukimbia anakumbuka.

Basi ukoo wetu, katika picha hii,
ni moshi wenye miguu miwili.

Gharika ilikuja usiku, mwezi wa Julai.
Miwani ikavunjika.
Mto ukabaki kipofu, majuma mawili ukipapasa kingo.
Kisha serikali ikaleta la zege, nyoofu kama rula.
Linabeba malori. Sina ugomvi nalo,
nalivuka kila Alhamisi nikienda kupimwa presha.

Mawe yakatawanyika. Mengine yamo kwenye kuta za mashamba ya mpunga,
mengine makaburini.
Moja, Bibi alilisukuma kwa toroli hadi jikoni,
akaliweka juu ya pipa la figili za chumvi.
Miaka arobaini limekandamiza figili
kwa uzito uleule uliowahi kumshikilia farasi.

Jana nimeliinua. Limeniachia chumvi viganjani.
Upande wa chini ipo alama ya patasi,
mkwaruzo mmoja, mfupi,
kama wa mtu aliyeanza kuandika jina lake
akaitwa kula.

Nimelirudisha taratibu.
Figili bado hazijaiva.