Billa Hakumbuki

Daftari la kanisa, mwaka wa surua.
Wino umepauka, rangi ya chai.
Mchungaji ameorodhesha waliolala: nyumba ya Heðin, saba;
nyumba ya mjenzi wa mashua, wote, na mtumishi;
na pembeni, kwa herufi za kubanabana:
“Billa, ajuza. Hakushikwa.”

Mimi ni wa kizazi cha saba kutoka kwake.
Kazi yangu ni damu, hospitalini Tórshavn:
naipokea asubuhi ikiwa bado na joto la mwenyewe,
naitandaza kiooni, naiinamia kwa hadubini.
Daftari hili nalisoma
kama mtu aliyefungua barua ya jirani
akakuta imetaja jina lake.

Kwetu husimuliwa kwamba mwaka ule Billa
alikuwa keshaanza kupotea.
Alimwita mwanawe kwa jina la mbwa aliyekufa.
Alitia chumvi kwenye maziwa, kisha akalia
akiuliza nani katia chumvi kwenye maziwa.

Ila miaka sitini na mitano nyuma, akiwa mtoto,
surua ilipita visiwani mara moja,
ikamwangusha, ikamwacha,
na ndani ya uboho wa mifupa yake
wakabaki wachache wasiosahau.

Sitawaita askari. Nimewatazama miaka mingi, hawana panga.
Wanafanana zaidi na wafumaji wa sufu
walioketi gizani, sindano mapajani,
kila mmoja na mshono mmoja tu anaoujua:
anafuma, anafumua, anafuma,
akimngoja mgeni wa kipimo kile kile.

Mgeni akaja, ndani ya kikohozi cha seremala
aliyeshuka kutoka merikebu ya Kopenhageni.
Wakamtambua kwa mabega.
Wakamvika, wakamkaza,
hakuwahi hata kuvua viatu.

Kwa hiyo aliyesimama alikuwa Billa.
Alizunguka paa kwa paa za nyasi, na ndoo,
akiinua vichwa, akinywesha,
akiwaita wote majina ya wafu.
Nao wakaitika.
Mwenye kiu huitika jina lolote.

Wengi wakapona. Kengele ikapigwa.
Majani ya kondoo yalikatwa yakiwa yamechelewa, lakini yalikatwa.
Hapo ndipo ningependa kulifunga daftari.

Baridi iliyofuata, mwandiko ule ule:
Elspa, miaka minne, kichomi.
Pacha wa Heðin, kuhara.
Mjenzi wa mashua, sikio. Sikio tu,
likapanda kichwani.
Maradhi ya kila mwaka, waliyozoeana nayo kama mvua.

Nilijua sababu kabla sijafika chini ya ukurasa.
Surua haishii mlangoni.
Huwaendea wafumaji wenyewe, huko huko gizani,
huwala waliotunza mishono ya miaka yote,
na ikitoka huacha mashavu mekundu, miguu yenye nguvu,
na viti vitupu.
Vijana wale walijua jina la kila kondoo mlimani.
Damu yao haikumjua hata adui wa jana.

Mimi nimetoka kwa kaka yake Elspa.
Walilala kitanda kimoja, wakakohoa usiku mmoja.
Kwa nini yeye alibaki, hadubini hainiambii,
nami nimeacha kuiuliza.

Billa alikuwa akimfumia Elspa soksi.
Walipomwambia mtoto amekufa, alisema:
Mtoto yupi?
Akaendelea kufuma.
Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya sindano.
Soksi ikapita kifundo, ikapita goti,
ikafika sakafuni, ikajikunja miguuni pake,
ndefu, ya kijivu, isiyo na kisigino,
na kila safu imekazwa sawasawa.