Dakika Ishirini

Dakika ishirini, alisema Efraín,
akiinamia kamba ya kiatu ili asinitazame.
Asubuhi hiyo feri ilikuwa imetutapisha sote
isipokuwa mama yangu, Migdalia, aliyekula mkate wa siagi
bandari hadi bandari
kisha akauliza nani hamalizi wake.

Culebra ni kisiwa kidogo. Kwenye ramani ya Puerto Rico
ni chembe ya mkate iliyoanguka kando ya sahani.
Lakini ukiwa na mtoto mgongoni, ndoo ya barafu mkononi,
na jua limekukaba shingo kama mdai,
hakuna kisiwa kidogo.

Kwanza tulikwenda kumwona kifaru.
Si yule wa pembe. Huyu wa chuma,
aliyeachwa na wanamaji wa Marekani ufukweni Flamenco,
chumvi imemla hadi mbavu,
vijana wamempaka waridi, kijani, majina ya wapenzi.
Yadiel akampanda, akafyatua risasi za mdomo
kuelekea watalii wawili waliolala kama samaki wa kubanikwa.
"Shuka," mama akasema.
Neno moja, kama mlango.

Njia ikapanda. Dakika ishirini zikafia kilima cha kwanza,
tukaziruka, tukaendelea.
Miiba ilizisoma soksi zetu moja moja.
Kaa wa nyumba za kukopa walikatiza mbele yetu,
mmoja amejisitiri kwa kifuniko cha dawa ya meno
wala haoni aibu.

Nahíra, miaka kumi na miwili, hakutusemesha tangu Jumanne
(simu; mvulana aitwaye Jandel; mengine sikuambiwa).
Kandambili yake ikakatika.
Mama akachomoa utepe wa kofia yake,
akafunga, akakaza kwa meno.
Hatua kumi mbele upepo ukaja kuichukua kofia
ukaitupa upande wa pili wa uzio.

Hakuna aliyeifuata.
Kwenye uzio, bango la njano: usiguse chuma, usichimbe.
Huko nyasi zimeota juu ya vitu
ambavyo havijamaliza kulipuka.

"Kwa nini hatuichukui?" Yadiel akauliza.
"Kwa sababu waliotupa vyao hawakuokota vyote."
Kisha, bila kupunguza mwendo,
kama mtu anayesimulia bei ya nyanya:
meli zilikuwa zinapiga mabomu hapa, za mazoezi,
naye ana miaka kumi na tisa;
wakaja kuketi mchangani, yeye na dada zake na sufuria ya wali,
wakakataa kuondoka.
"Mabomu hayapendi kutazamwa," akasema.
"Hukuogopa?" Efraín akauliza.
"Mkojo ulinitoka. Angalia mzizi huo."

Chini ya kilima maji yalikuwa na rangi
ambayo siwezi kuitaja bila kusema uongo.
Tuliingia na nguo zetu.
Mama alielea chali, vidole vya miguu juu,
samaki wa manjano wakimkagua kama maafisa wa forodha.

Efraín akatazama saa: saa nzima na dakika tano.
Akainua macho, safari hii kwangu.
"Nilihesabu bila kilima," akasema,
nikajua hazungumzii njia peke yake.
Sikumjibu.
Nilimpa chungwa ambalo nilikuwa nimeshamenya.

Jioni, foleni ya feri. Barafu imekwisha,
Yadiel amelala akikumbatia ndoo,
kichwa cha mama kimefungwa taulo lenye picha ya papa.
Nahíra alikuwa anaufungua na kuufunga ule utepe.
Ghafla, tangu Jumanne:
"Bibi. Ule wali. Ulikuwa na nini?"

Mama akafikiri sana,
feri ikapiga honi, watu wakasukumana.

"Mbaazi," akasema.
"Na ukoko. Wee, tuligombania ukoko."