Tuta la Nne, Ahero

Wiki nzima nimepiga nyuso:
nyuso za leseni, za fomu za shule, za mazishi,
kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke.
Jumapili alfajiri nikafunga studio,
nikaenda kupiga kitu kisichopepesa macho.

Ahero haina kilele cha kukubeba.
Ardhi imelala chali, mpunga na maji, maji na mpunga,
na kule kaskazini milima ya Nandi,
mstari mmoja wa samawati
kama uliochorwa na mtu mwenye haraka zake.

Nilipiga mawingu.
Nilipiga jua likichomoza, jekundu, jua la kalenda,
la kutundikwa kinyozini.
Nilipiga yangeyange wakiruka kwa mamia
na nikajipongeza.
Nilipozitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma
zote zilikuwa kama soda iliyolala wazi:
sukari ipo, mapovu hayapo.

Labda ni lenzi, nikasema.
Mchagua jembe si mkulima,
nikajijibu,
nikachuchumaa.

Na dunia ikabadilika kwa urefu wa mapaja yangu.
Majani ya mpunga yakapanda, yakaishika anga kwapani.
Mfereji uliokuwa uzi ukawa barabara:
ukaanzia penye goti langu, ukapinda kidogo
kwenye lango la mbao,
ukaendelea mpaka ukapenya chini ya Nandi.
Sasa jicho lilikuwa na njia.
Lakini njia peke yake haimkalishi mgeni.

Juu ya tuta palikuwa na gambuti moja,
ya kushoto, imesimama wima,
imejaa mvua ya usiku
na ndani yake kipande cha anga, kikubwa kama kisahani.
Nilitaka kuiondoa. Mkono ulikwisha kufika.
Picha safi, nilidhani, ni iliyofagiliwa.

Sijui kilichonizuia. Labda uvivu.
Nikaiacha, nikasogea hatua mbili
ili nguzo ya stima ibaki nje ya mambo yetu,
nikangoja.
Wingu lilikuwa limelikalia jua kama kuku.
Dakika ishirini, magoti yanalia,
mbu wanagawana shingo,
wala sikuwa nafanya kitu,
na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Kisha mwanga ukaja wa pembeni, mwembamba, upande wa kuume.
Ukagusa ukingo wa gambuti, ukapita,
ukagusa maji, ukapita,
ukafika mlimani umechoka.
Nikabonyeza mara moja.

Jumatano akaja Wilkista Adongo, picha za pasipoti.
Hakusema nzuri.
Watu husema nzuri, kisha huuliza bei ya fremu.
Alisogeza pua hadi ukutani, akaweka kidole
penye lango la mbao, alama ya kidole ikabaki hapo.
"Hapa panavuja. Nilimwambia Okumba alizibe
kabla hatujapandikiza."

Mimi nililiona lango lile kama pindo la mstari.
Maji yanayotoroka sikuyaona,
ingawa yapo, ukitazama,
doa jeusi kwenye udongo, kubwa kama kiganja.

Halafu akaiona gambuti.
"Ee! Kumbe uliikuta."
Ya kulia, akaniambia, ilizama topeni:
mguu ulitoka, kiatu kikakataa.
Hii akaiacha juu ya tuta, kwa hasira,
maana mtu atafanya nini na ya kushoto.

Nikamketisha mbele ya kitambaa cheupe.
Kidevu juu, mama. Masikio. Usicheke.
Hakuwa anacheka.
Macho yalikuwa ukutani, juu ya bega langu,
na midomo inahesabu taratibu
ni magunia mangapi ya udongo
yatakayotosha pale.