Alama ya Rangi ya Kucha

Gurudumu la trimu Semboja alilichonga
kutoka kifuniko cha debe la rangi,
akalitia alama kwa rangi ya kucha
aliyoniazima na hakurudisha:
hapa, flapu nyuzi kumi na tano,
watu wawili,
mkono unaweza kupumzika.

Leo narudi Pongwe peke yangu.
Chini mkonge, mstari kwa mstari,
kama daftari la mtoto mwenye adabu.
Nashusha flapu. Naweka kwenye alama.
Pua inainama.
Navuta usukani, nao unanivuta.

Kiti cha nyuma ni mkanda tu,
nilioufunga tangu Shaabani
usigongegonge.

Nazungusha. Alama inapita.
Kidogo tena.

Ndege imetulia.
Naachia usukani,
mkono unabaki hewani
haujui pa kwenda.