Sahani Moja

Mwaka mzima niliandika ushauri hapa Nyalenda:
pumua kwa kina, kunywa maji, samehe,
juu ya picha za machweo nilizoazima.
Mioyo saba. Mmoja wangu mwenyewe.

Jumanne, saa nane usiku, vyura wakigombana mtaroni,
nikaandika bila picha:
Leo nimeosha sahani moja.
Zilikuwa tisa.
Nikakaa chini, nikaitazama ikikauka.

Kulipokucha simu ilikuwa moto kama pasi.
Elfu nne. Mwalimu wa Ahero: hata mimi.
Askari wa zamu kule Kibos: hata mimi, ila kwangu ni viatu.
Mtu akauliza, ikakauka?
Hakuna aliyeomba dawa.

Wajuzi wanasema ni saa niliyoituma,
ni ufupi, ni bahati.
Labda.

Mimi nilikwama kwenye jina la chini kabisa,
Apondi, bila neno, nukta tu.
Apondi wa chumba cha pili,
ambaye kikohozi chake nakijua kuliko uso wake,
ukuta wetu bati moja.

Nikaweka simu chini,
nikagonga bati kwa kijiko.
Kimya.
Kisha, upande wa pili, kifuniko cha sufuria.